Udongo Uliorudishwa Pipani

Nianze kwa kutenga nilichokiona na nilichoambiwa. Nilichokiona ni hiki: marehemu mke wangu alikaa kwenye kigoda katika karakana ya sanaa ya chuo nilichofundisha, na binti wa jirani zetu wa ghorofa ya chini, aliyekuwa mwanafunzi hapo, akafinyanga sanamu ya kichwa cha mke wangu kwa udongo. Kilifanana naye kabisa. Nilichoambiwa, baada ya mazishi, ni kwamba kichwa kile hakikuingizwa tanuruni, na kwamba kimelowekwa.

Karakana ile haitupi kitu. Vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani wa Kariakoo, mbao za maonyesho yaliyopita na rangi zilizobaki huwekwa rafuni, na mwenye haja huchukua. Kazi ya udongo isiyochomwa, mwenyewe akishahitimu, hutiwa katika pipa la maji ikayeyuka, ili udongo utumiwe na mwingine. Ni utaratibu mzuri. Niliwahi kuusifu kikaoni.

Binti yule alikwisha kuhama, na namba yake haipatikani. Nayo nyumba ilikuwa kimya mno kwa mtu kukaa peke yake na habari ya kusikia. Nikatoka asubuhi, nikapita mtaa wa Gerezani kwa miguu hadi chuoni.

"Shikamoo, mwalimu," alisema mama anayetunza karakana. "Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Nani alikiona kikitiwa pipani?"

Aliwatazama wanafunzi waliokuwa kwenye mabenchi. Mmoja alisema aliambiwa na mwenzake. Mwingine alidhani yule binti mwenyewe alikichukua, akaenda nacho kwao.

"Kwa hiyo hakuna aliyeona."

"Rafuni hakipo, mwalimu," alisema yule mama taratibu.

Nilikagua rafu zote, hata nyuma ya mbao. Kweli hakikuwapo. Nikakunja shati, nikazamisha mkono pipani hadi kwenye kiwiko. Ulikuwa uji mzito, wa baridi, sawasawa kila mahali. Nilipapasa nikitafuta kitu kigumu, pua au ukingo wa kilemba alichokuwa amevaa. Sikupata.

Mama yule akanimegea donge la udongo uliokwisha kuchujwa kutoka pipa lilelile, akanisogezea kiti. Nikajaribu kufinyanga sikio la kushoto la mke wangu, lililokuwa upande wangu kila tulipokunywa chai dirishani. Matundu matatu ya vipuli niliyakumbuka. Umbo la sikio lenyewe sikulikumbuka.

"Babu, hilo sikio au andazi?" aliuliza kijana wa benchi la jirani, na wenzake wakacheka.

"Andazi," nilimjibu, kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa.

"Wewe, huyo mwalimu wenu!" mama alimkemea, kisha akaniinamia. "Tulichome, mwalimu? Uende nalo nyumbani."

"Hapana. Halifanani naye."

Nikalitia pipani kwa mkono wangu, nikasimama pale mpaka lilipozama.