Picha Moja Iliyobaki

Binti yangu amenipiga picha ishirini kwa simu nikimenya kahawa, akafuta kumi na tisa. Harufu ya maganda mabichi ikanirudisha utotoni, kijijini Iyula, siku mpiga picha alipofika kwa baiskeli.

"Mkanda umebaki picha moja," alisema.

Baba alikwishavaa koti. Mama akasema, "Bibi hajawahi kupigwa picha."

Baba akalivua, akamvika mama yake. Bibi akasimama kwenye mibuni, vidole vikinata utomvu wa kahawa.

"Nikiharibu je?"

"Huwezi kuharibu, mama," Baba akamjibu.

Tulingoja wiki tatu picha isafishwe. Ilipoletwa, Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaitazama mpaka chai ikapoa.

"Kumbe mimi ni mzuri," alisema, kama mtu anayetaja jina lake.