Sanduku la Kufunguliwa Kesho

Januari ile ya 2011 nilipewa kazi yangu ya kwanza ya peke yangu: kusafirisha picha ya rangi ya mafuta, yenye umri wa zaidi ya miaka mia tatu, kutoka Mississauga hadi kwa fundi wa kukarabati picha za kale katikati ya Toronto. Bosi alisema nikiiharibu, ninarudi kufagia ofisi. Nilikuwa nimefagia miaka miwili, nimechoka.

Saa tatu asubuhi nilikuwa sebuleni kwa Mama Lourdes, mjane Mgoa mzaliwa wa Tanga. Picha ilikuwa giza tupu, isipokuwa pale msichana alipoinua taa juu ya kijana mwenye mabawa aliyelala.

"Huyo ni Saiki," alinieleza. "Mumewe alimkataza asimtazame kamwe. Akamtazama. Tone la mafuta ya taa likamwangukia mume, akaamka, akaenda zake."

"Si angevumilia tu, mama?" nikasema huku nikikaza skrubu za sanduku.

"Nenda taratibu, mwanangu. Marehemu ameniachia hiyo tu."

Saa tano, barabara kuu. Gari liliteleza kwenye theluji, na nyuma nikasikia sanduku likigonga ubavu wa gari. Hadi nafika mjini sikuwaza kingine.

Saa saba nilifika kwa Mwangi, fundi Mkenya, nikamweleza sanduku lilivyogonga.

"Hata kama, dada. Hii box usifungue mpaka kesho. Imetoka baridi, ikipigwa na joto ghafla rangi itabanduka. Sawa?"

Nikasema sawa. Akaenda kula.

Nilivumilia dakika kumi, kisha nikachukua bisibisi. Nilitaka kujua tu. Picha haikuwa na hata mkwaruzo! Nilicheka peke yangu, halafu nikaona ukungu unatanda begani kwa Saiki. Nikafunga haraka.

Kesho yake Mwangi alifungua mbele ya Mama Lourdes. Kipande cha rangi, kidogo kama punje ya dengu, kilikuwa kimeanguka. Shavuni kwa kijana palionekana kitambaa kitupu.

Mama akanishika mkono. "Ni barabara tu, mwanangu. Si wewe."

Ningeweza kunyamaza.

"Mama, niliifungua jana. Nilikatazwa, nikaifungua."

Akauachia mkono wangu.

Bosi nilimwambia mwenyewe, kazi ikaishia hapo. Nikarudi nyumbani Etobicoke kwa basi. Nilichojifunza ni kwamba kungoja nako ni kazi, na hiyo ndiyo iliyonishinda. Mama Lourdes hakunigombeza hata kidogo. Angenigombeza, ningelala.