Kibao Kilichovalishwa Gunia

Arvella Crisp alikuwa mbishi tangu tumboni. Mama yake alikuwa akisema kwamba alikataa kutoka mpaka mkunga akatukana. Kwa hiyo hifadhi ya taifa ilipochimbia kibao cha historia kwenye lango la makaburi ya ukoo wake, pale njia ya miguu inapopinda kuelekea kileleni, watu wa mlimani walijua kibao hicho kimeula wa chuya.

Kilikuwa cha shaba, kinang'aa. Kilieleza miti, kikaeleza dubu, kikaeleza kinu cha zamani cha kusagia mahindi. Mwishoni kilisema kwamba mwaka 1939 wakazi wa bonde waliondoka kwa hiari ili hifadhi ianzishwe.

Kwa hiari! Arvella alikuwa na miaka sita siku hiyo. Alimwona baba yake akitolewa nyumbani juu ya kiti chake, kabebwa na wanaume wanne wa serikali kwa kuwa aligoma kuinuka, bakuli la maharage liko mapajani, na wala hakuacha kula. Nyumba ilichomwa moto kabla hawajavuka mto. Hiari gani hiyo ya kubebwa kama kabati?

Akachukua gunia la chakula cha kuku, akaukwea mlima na fimbo yake, akakivalisha kibao na kukaza kamba. Hifadhi ikalivua. Akapanda tena. Wapanda milima wenye mabegi makubwa walimkuta ameketi kando ya njia akila tufaha, wakamuuliza kuna nini humo ndani.

"Uongo," aliwajibu. "Unanuka, ndiyo maana nimeufunika."

Aliyetumwa kulivua kila mara alikuwa Doyle, mtoto wa kaka yake, askari wa hifadhi na baba wa watoto watatu.

"Shangazi, utanifukuzisha kazi."

"Kwani nimekuomba ufunge? Nimekuomba usifungue tu."

"Mkuu anasema akikukuta tena anakupeleka mahakamani."

"Mwambie aje na kiti na wanaume wanne. Sisi tumeshazoea."

Doyle akacheka, halafu akakasirika kwa kuwa amecheka. Akalivua gunia, akalikunja vizuri, akamrudishia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na midomo ya kulisha, na Arvella alilijua hilo, ndiyo maana lilimuuma zaidi.

Ikafika Jumapili ya kupamba makaburi. Siku hiyo kila ukoo wa milima ile hupanda na majembe, hung'oa nyasi zote, hurundika udongo upya juu ya kila kaburi na kuchomeka maua ya karatasi. Kabla vyakula walivyokuja navyo havijafunuliwa, kila jiwe husomwa kwa sauti, na yale mawe ya mtoni yasiyo na maandishi hutajwa kwa majina yaliyohifadhiwa kichwani. Maandishi yasiyoweza kusomwa mbele ya waliolala pale hayakai. Mwaka mmoja walimrudishia fundi jiwe zima kwa sababu lilimwita shemeji yao mcha Mungu, na hakuna aliyeweza kulisoma bila kucheka.

Mkuu wa hifadhi, Bwana Whitcomb, mtu wa kuja, aliichagua siku hiyo hiyo kuzindua kibao, maana watu wangekuwepo. Alikata utepe, akawashukuru wenyeji, akageuka ateremke.

"Bado," Arvella alisema. "Kipo langoni kwetu. Kisomwe."

"Mama, kila mtu anaweza kujisomea."

"Waliolala humu hawawezi. Kisomwe kwa sauti."

Watu wakaweka majembe chini, wakavua kofia. Whitcomb akaliona ni jambo dogo. "Doyle, wasomee."

Doyle akasogea. Babu yake, yule wa kiti, alilala karibu kabisa, udongo wake umerundikwa asubuhi ile ile. Alisoma miti. Alisoma dubu. Alisoma kinu, kwa ile sauti yake imara ya kazini. "Mwaka 1939, wakazi wa bonde waliondoka kwa..."

Akalitazama kaburi la babu yake. Arvella hakumsaidia. Aliogopa, tuseme kweli. Akimkosa huyu, hakuwa na mwingine wa kumrithisha ubishi wake.

"Kwa nguvu," Doyle alisema. "Walitolewa kwa nguvu."

"Soma kilichoandikwa!" Whitcomb alifoka.

Doyle alimgeukia, uso umemwiva hadi masikioni. "Ndicho nilichosoma, bwana. Hapa kinasomeka hivyo. Kama wewe unakisoma vingine, njoo usome. Waliolala hao hapo, wanakusikiliza."

Bwana Whitcomb aliwatazama watu, akayatazama makaburi, na hakusogea kukisoma.