Rangi Mpya Chini ya Gari

Juzi pale Kongowe nilimwona kijana amelala chali chini ya gari kuukuu la safari za porini, akigongagonga chasisi, fremu ya chuma inayobeba gari, kwa bisibisi kabla ya kukubali kulinunua. Nikamkumbuka baba.

Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, alinichukua kutoka nyumbani kwetu Masaki, kule Kisarawe, twende tukaone gari kama hilo. Mama alikuwa mjamzito, na wakati wa masika barabara yetu iliwashinda hata wenye pikipiki. Gari lilinukia rangi mbichi. Baba alifungua boneti, akasikiliza injini, kisha akaingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne. Lilipanda kilima likinguruma, nami nikacheka kwa furaha.

Tuliposhuka nilichungulia chini. Kote kulikuwa kweusi, kuking'aa.

"Baba, hata huku chini wamelipaka!"

"Ndivyo linavyotunzwa, mwanangu," muuzaji alidakia.

Baba hakuinama kutazama; alilipa, tukaondoka nalo. Mimi niliamini kwamba mtu anayepaka rangi mahali pasipoonekana lazima awe mwaminifu sana.

Rangi ile ilificha kutu. Masika yalipofika, tukimpeleka mama hospitali, chasisi ilikatika katikati ya matope. Mdogo wangu alizaliwa palepale kwenye kiti cha nyuma, mvua ikipiga paa la gari, wala hakulia. Nje, baba alikuwa bado anachimba matope kwa mikono.

Mama alimfunika mtoto kwa khanga mpaka usoni, akafungua dirisha.

"Baba Neema," alisema taratibu, "acha gari. Njoo umshike mwanao."