Miguu ya Mama Hekaluni

Juzi, kwenye duka la mnunuzi wa dhahabu hapa Geita, mtu aliwasha udi, moshi ukanikaba koo. Nikaukumbuka ule mji wa kale wa Kijapani ambako baba alitupeleka wikiendi moja, tulipokuwa tukiishi kule kwa ajili ya masomo yake.

Mlangoni mwa hekalu moja la huko, lililonukia udi kama huo, tulivua viatu. Mbao za sakafu zilikuwa baridi, laini kama kioo. Baba akavitazama visigino vya mama, vilivyopasukia mashambani kijijini kwetu Didia.

“Vaa soksi. Unanitia aibu.”

“Ulipokuja kuposa kwetu, miguu hii hukuiona?”

“Nyamaza! Watu wanatusikia.”

“Wasikie. Hapa anayenielewa ni wewe tu, na wewe ndiye unayenichukia.”

Mama akavaa viatu, akanishika mkono, akasema tunarudi nyumbani Didia. Baba alitufuata hadi langoni, bila viatu juu ya changarawe, akiita jina langu, langu peke yake.

Mama akaniachia mkono. “Nenda kama unataka.”

Nilimtazama baba. Alikuwa akigeuka huku na huku, kuona ni nani wanaotuangalia. Nikaushika tena mkono wa mama.