Kopo Jekundu la Mrehani

Leo nimekata mrehani wa kikuba cha dada, kile kishada cha kunukia cha kujipamba kifuani, harufu ikanirudisha darini kwa bibi.

Bibi alikuwa akipanda maua kwenye makopo matupu ya samli, anayatoboa chini kwa msumari wa moto. Nikataka kumfurahisha. Nikachukua kopo jekundu la plastiki lililokuwa mlangoni mwa choo, nikalitoboa, nikapanda mrehani.

Siku hiyohiyo akaja mume mpya wa shangazi. Mara tukasikia sauti yake chooni: “Mama, humu hamna kopo.”

Bibi akautazama mrehani wangu. Nikajificha nyuma ya tangi la maji, nangoja kipigo.

“Toka, nshakuona,” akaninong'oneza, kicheko kimembana. “Litie maji buli la chai, umpelekee. Usimwambie kitu.”

Mkwe alipotoka, alilirudisha buli mezani kwa adabu, katikati ya vikombe.