Ng'ombe wa Alute Katika Maboma ya Watu

Kama ulitaka kumuudhi Alute Mughwai, ungemuuliza ana ng'ombe wangapi. Si kwamba hakujua. Alimjua kila mnyama kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo wa mama yake. Ila swali lenyewe aliliona la kipuuzi, kwa sababu ng'ombe wengi waliokuwa bomani mwake hawakuwa wake, na wengi waliokuwa wake hawakuwa bomani mwake.

Ndivyo alivyolelewa Unyaturu. Mtu mwenye akili hafugi mali yake yote mahali pamoja. Jike mmoja unampeleka kwa shemeji, wawili kwa rafiki wa mbali ambako mvua ina tabia nyingine, na wewe unapokea wa kwao. Unayemtunzia mwenzako unakunywa maziwa. Ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa unamchuna, unampelekea mwenyewe ngozi aione kwa macho yake, mambo yanaisha. Bila ngozi, hata ukiapa kanisani na msikitini siku moja, utabaki mtu aliyekula ng'ombe wa watu.

Rafiki yake mkubwa katika shughuli hii alikuwa Melkizedeki, Mnyiramba wa Ulemo, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Melkizedeki alikuwa na ng'ombe mmoja kwa Alute, jike mwekundu mwenye baka jeupe ubavuni. Alute alikuwa na watatu kwa Melkizedeki.

Mwaka wa sabini na nne watu walihamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Alute hakuwa na ugomvi na kijiji, maana kilikuwa na zahanati. Binti yake Felista alifariki akijifungua kwa sababu zahanati ilikuwa mbali mno, akawaachia yeye na mkewe Yunisi watoto wawili, Kristina na Esta. Kama zahanati ingekuwa hapo mlangoni mapema, Alute angehama kwa kukimbia. Kilichomshinda ni zizi. Iliamuliwa kwamba ng'ombe wote walale pamoja na wachungwe kwa zamu. Bwana mifugo, kijana aliyeitwa Philipo, akapita kuwaandikisha.

"Hawa si wangu wote," Alute alimwambia.

"Ni wa nani, mzee?"

"Wa watu."

"Watu gani? Wako wapi?"

"Mbali."

Philipo alicheka kwa adabu, akawaandika wote kwa jina la Alute. Wazee wengine walitazama chini, maana kila mmoja alikuwa na wa watu wake. Kwa kweli Alute angeweza kumrudisha yule mwekundu Ulemo kabla ya kuhama. Yunisi alimshauri hivyo. Lakini kumrudishia mtu ng'ombe wake bila yeye kumwomba ni kumwambia urafiki umekwisha, na Alute hakuwa tayari kutamka neno hilo hata kwa miguu ya ng'ombe. Akambakiza. Kosa lilikuwa hapo, na alilijua mapema kuliko alivyokubali.

Mvua ya mwaka ule ilianza vizuri kisha ikakata kabisa. Mahindi yalikauka yakiwa magotini. Kundi zima la kijiji lilikuwa na mbuga moja na lambo moja, na lambo lilipobaki tope, ng'ombe walianza kulala na kutoinuka. Waliokufa walichunwa na watu wa zamu, ngozi zikapelekwa ghala la kijiji, lori likazichukua. Siku jike mwekundu alipokufa, Alute alikuwa kwenye foleni ya unga wa njano wa msaada, ule ambao watu waliupachika jina la Yanga, timu ya jezi za njano. Alipofika ghalani alikuta sakafu imefagiliwa. Alisimama pale muda mrefu kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Unga ulikuwepo, kidogo. Maziwa hayakuwepo kabisa, na Esta alikuwa na miaka miwili tu. Nywele zake zilianza kuwa nyekundu, miguu ikavimba. Kristina, wa miaka minne, alikuwa ameacha kucheza. Mganga wa zahanati alisema dawa yao wote wawili ni maziwa, akasema kwa sauti ya chini kwa sababu alijua hakuna.

Jioni moja Philipo alikuja, akakaa chini bila kukaribishwa mara mbili.

"Shikamoo, mzee. Wale ng'ombe wa watu. Naomba unieleze vizuri."

Alute alimweleza. Hakumsuta. Philipo aliuliza maswali mengi, mwisho akasema ataomba wilayani waliobaki watawanywe kwa ndugu na marafiki wa mbali. Na kwa kuwa ngozi ilipotea, alimwandikia Alute barua yenye muhuri, kuthibitisha kifo cha jike mwekundu.

Alute akaenda Ulemo na karatasi. Alipita mjini, akapita Utemini, akalala Iguguno kwa mtu aliyemfahamu kidogo, na njia nzima alikuwa na aibu ya mikono mitupu. Alikuwa anakwenda kumwambia rafiki yake habari ya hasara, na papo hapo kumwomba msaada.

Melkizedeki aliipokea barua, akaigeuza, akairudisha.

"Muhuri mzuri," alisema. "Hebu niambie, alikufa vipi?"

Alute akamwambia: alivyolala ubavu wenye baka ukiwa juu, alivyokataa majani ya kuokotezwa, na kwamba yeye mwenyewe hakuwepo alipokata roho. Hilo la kutokuwepo alilisema mara mbili. Melkizedeki akamshika mkono.

"Angekuwa amekula ng'ombe wangu asingenisimulia hivyo," alimwambia mkewe aliyekuwa mlangoni. Kisha akamgeukia Alute. "Na mimi sina habari njema. Ng'ombe wako wawili wamekufa, ngozi zao zile pale. Aliyebaki ana ndama, anakamuliwa. Ukimswaga siku tatu kwenye ukame huu utafika na kamba tu."

"Najua."

"Basi mwache. Niletee mtoto. Maziwa tunagawana na wajukuu zangu, kwa hiyo ya kumtosha mmoja nitaweza. Wawili nitakudanganya."

Alute alirudi kwa siku nne, maana miguu ilikuwa mizito. Yunisi alimpokea kwa maji ya kunywa, akamsikiliza hadi mwisho.

"Baba Felista," alisema, "ni mmoja tu?"

"Mmoja."

Watoto walikuwa wamelala mkekani, mkubwa amemkumbatia mdogo. Esta alikuwa mgonjwa zaidi, na huenda siku tatu za mgongoni asingezimaliza. Kristina angefika, lakini akiondoka yeye, Esta hatakuwa na wa kumkumbatia, wala dawa. Maisha yake yote Alute alikuwa akisimama mlangoni mwa boma na kusema bila kusita: huyu aende, huyu abaki.

Yunisi alikwisha kunja khanga ya kumbebea.

"Nimfunge yupi?" aliuliza.